Majibu ya Sukari ya Shangazi

Kiabakari

Dada Dorotea,

Hamjambo huko Bukima? Dagaa ulizotuma zilifika, asante.

Nakuandikia juu ya kifo cha shangazi. Prudence hakumlisha mama mkwe wake sumu, kama ukoo ulivyomshutumu. Shangazi alipoletwa hapa maabara, sukari yake ilikuwa juu mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Nikaizimua sampuli ya damu yake mara kumi, yaani nikaichanganya na maji maalum ipungue nguvu, nikapima tena. Majibu ya namna hiyo lazima uyazidishe kwa kumi. Siku hiyo wagonjwa walikuwa wengi, nikasahau. Nikaandika nne badala ya arobaini. Daktari akamwambia sukari iko sawa, shangazi akarudi nyumbani, kesho yake akafa.

Juzi nilimfuata Prudence kwao Bunda, nikamweleza yote, nikamwomba arudi nyumbani. Akaniuliza, "Siku ile wananifukuza msibani, Faustine, ulikuwa unajua?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa najua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wasomee wote nyumbani barua hii, dada, hata kama Prudence amekataa kurudi. Kazini nimeshawaambia. Krismasi msinisubiri, sina uso wa kuwatazama.

Mdogo wako,
Faustine