Darubini ya Kuangalia Finkubala

Hewa Bora, Lubumbashi

Mama yangu mupendwa,

Jambo sana. Ulilala namna gani? Magoti inakuachaka upumzike, ao ingali inakusumbua asubuhi? Na ile kikohozi ya wakati ya baridi, iliisha kweli, ao unaificha tena? Nakujua. Siye huku tuko muzuri. Mashine ya kushona inatembea, bantu banaleta vitambaa ya uniforme ya batoto, na bwana yangu ananenepa. Anasema ni bukari yangu. Nikamwambia ashukuru mwalimu yenye alinifundisha kuipika.

Hii barua inakuya na Tata Musonda, dereva yenye anaendaka Kasenga na camion ya bintu ya magazini. Iko pamoja na kartoni. Nilitaka kukuomba usiifungule mbele ya kumaliza kusoma, lakini najua ulishaifungula zamani. Basi ile kintu nyeusi iko mu mikono yako ni darubini, yenye huku tunaitaka jumelle. Usiifungie mu valize pamoja na bitenge yako ya sikukuu. Ni ya kazi.

Mama, neno yenye ulituma mwezi ilipita ilinikaa ku roho. «Macho yangu imechoka, Chanda. Mwaka huu bengine bafungule pori.» Nilisoma mara tatu. Tangu Mama Senge alikufa na kukuachia hii kazi, ni weye njo unaingiaka mu pori ya kwanza, unaangalia kama finkubala, ile viwavi yetu ya kula, imenenepa ku majani, unasema «bado» ao «tayari», na mugini muzima haugusi hata mududu moja mbele ya neno yako. Mwaka jana haukuweza kuona juu ya miti. Yaya Mwansa wa kwa ndugu yako akasema, «Tukate muti moja tuangalie.» Bakakata tatu, na finkubala ilikuwa ndogo kama kijiti ya kiberiti. Balinieleza kama siku mbili haukukula. Nilikasirika sana, na kisha nikajiambia: Mama hawezi kuacha kazi yake juu ya macho, wakati huku mu ville banauza macho.

Jumamosi, siku ya posho, nikaenda mu ville. Ku magazini ya kwanza kijana moja alinipa darubini nzito kama pasi ya makala. Akasema, «Mama, hii inavuta mara makumi mbili. Hakuna yenye inapita hii.» Nilisimama ku mulango, nikaangalia ile cheminée murefu ya kutosha moshi kule ng'ambo ya ville, na nikaona matofali moja moja. Nilifurahi kama mutoto. Nikalipa, nikatoka, nikajiona mwenye akili kupita bote.

Nilifika tu ku jacaranda ya pembeni ya barabara, nikakumbuka kama Mama haangaliaka cheminée. Basi nikasimama chini ya muti, kichwa nyuma, nikafanya vile ulitufundisha: macho ku tawi moja, kuhesabu polepole mpaka makumi tatu, na kinywa kufungwa mpaka mwisho. Ku kumi mikono ikaanza kutetemeka. Ku kumi na tano majani yote ilikuwa inacheza ndombolo. Ku makumi mbili sikujua tena kama naangalia jani ao nguo ya muntu. Nikarudisha. Kijana akanung'unika, akasema bote banapendaka ile. Nikamwambia bote habana Mama kama yangu.

Akanipa ingine, kidogo, yepesi, inaingia mu mufuko ya blouse. Hiyo nilihesabu nayo mpaka makumi tatu bila shida, lakini ndani ya majani ilikuwa giza, sawa kuangalia mu nyungu. Hiyo pia ikabaki.

Njo nikafika kwa Papa Kalonji, Mukasai moja muzee anauzaka saa na miwani mu kaduka ka mulango moja. Yeye hakuniambia bei, hakuniambia mara ngapi inavuta. Aliuliza, «Ni ya kuangalia nini? Na ni macho ya nani?» Nikamueleza yote: finkubala, miti, mwaka jana, weye. Alinisikiliza na kichwa chini, kisha akatoa darubini moja ya kawaida tu. Juu yake baliandika nane na makumi ine na mbili.

«Mutoto yangu,» akasema, «namba ya kwanza ni vile inavuta. Ikipita kumi, inavuta na kutetemeka kwa mukono yako pia. Ya pili ni upana ya kioo ya mbele, mulango ya mwangaza. Mu pori mwangaza ni kidogo, weka mulango mukubwa. Na Mama yako anavaa miwani?»

Nikasema ndiyo. Akasema hapo njo bantu banadanganyikaka: muntu wa miwani, jicho yake inabaki mbali na kioo, anaona tu katundu kadogo. Lazima kupima na miwani yenyewe. Sasa, Mama, unakumbuka ile miwani yako ya zamani, yenye ilivunjika wakati ulikuya kunitembelea? Vioo ilianguka yote mbili, lakini chuma yake ingali mu saki yangu ya mikasi. Sijui juu ya nini niliichunga. Nikaivaa.

Basi uone mutoto yako: chini ya jacaranda, mu ville, miwani bila kioo ku pua, darubini juu ya miwani, kinywa kufungwa. Muuza mayai akasimama. Mwenye taxi akasimama. Mama moja akauliza, «Kwiko nyoka?» Bote bakaangalia juu. Papa Kalonji pia akatoka, akaangalia juu, na yeye alijua hakuna nyoka.

Niliona, Mama. Juu kabisa, ndani ya kivuli, kwiko kamududu kamoja ku jani. Haikuwa ya kwetu, haikuwa ya kula, lakini niliona mugongo yake, manyoya yake, namna anatafuna. Nilihesabu mpaka makumi tatu na haikutetemeka. Na kinywa yangu ikasema yenyewe, na nguvu, «Bado.»

Bote bakacheka. Mwenye taxi akauliza, «Bado nini?» Mimi pia nilicheka mpaka machozi ikatoka, kisha kicheko ikaisha na machozi ikabaki, juu nilisikia sauti yako mu kinywa yangu. Sikujua kama nakukosa namna ile.

Sasa sikiliza. Kunja ile mupira ya ku macho, juu weye unavaa miwani. Funga jicho ya kuume, zungusha gurudumu ya katikati mpaka jani ikuwe safi. Kisha funga ya kushoto, zungusha ile kadogo ya ku jicho ya kuume, juu ni ile njo ilichoka zaidi. Hiyo kadogo ni mara moja tu, kisha usiiguse tena. Mukanda uivae ku shingo kila mara.

Salamu kwa Tata, umuambie shati yake iko njiani. Salamu kwa dada yangu na batoto yake. Salamu kwa mukubwa wa mugini, na umuonyeshe darubini mbele ya bengine bote. Na Yaya Mwansa, musalimie muzuri, ni mutoto wa ndugu yako na sina kisirani naye. Weye angalia kwanza, sema neno yako, kisha yeye umupe darubini na aache shoka ku nyumba.

Miaka tatu sijafika kwetu. Ukisema «bado», nitangoja na mugini. Siku utasema «tayari», tuma ile neno moja tu. Nitafunga mashine, na nitakuya na kitunga yangu.

Ni miye mutoto yako,
Chanda