Namba Iliyobaki Kwenye Sauti

Cnoc Liath,
Kisiwa cha Lewis.
Alhamisi, 16 Novemba

Mpendwa dada yangu Kenna,

Waliokuletea barua hii wape chai kwanza, wakae karibu na jiko, ndipo uisome. Najua huko kisiwani kwako Unst upepo wa mwezi huu hauna adabu, nao wametoka mbali. Usiwaulize kitu mpaka umalize karatasi hizi.

Hujambo lakini? Na shemeji Magnus, mgongo umepoa au bado anautumia kukwepa kuosha vyombo? Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Kifua cha Tormod wangu kinambana asubuhi, ila akishakaa kwenye mtambo wake wa kufuma husahau kama ana kifua. Shangazi Peigi tunaye hapa nyumbani tangu Pasaka. Anaikaribia tisini na anakula kunishinda. Anakusalimu, anauliza kama bado unatembea kama bata. Nimekuandikia kama alivyosema.

Utaona huko juu sikuweka namba ya nyumba kama tulivyofundishwa shuleni. Sikusahau. Na ningeweza kukupigia simu, lakini tangu Jumapili sikiamini tena kitu kinachopita hewani. Karatasi inayobebwa mkononi ndiyo ninayoiamini.

Nianze na binti yetu Mairead. Unaijua podikasti yake, ile anayorekodi kwenye chumba kilicho kando ya banda la kufumia, yenye jina la kijiji chetu. Wazee wanakaa kwenye moto, wanasimulia kama walivyokuwa wakisimulia kwa mama, naye anawashikia kipaza sauti. Wasikilizaji walikuwa sisi wenyewe, na ninyi mlioondoka, na watu wachache wa Kanada wanaolia kila wakisikia lafudhi ya kwao. Mimi niliiona ni kazi njema. Tormod aliiona ni kelele, lakini alikuwa akisikiliza kwa siri, nilimkuta.

Mwezi uliopita Mairead akapata ujumbe kutoka London. Mama mmoja mwenye kipindi kikubwa cha Jumapili asubuhi ameipenda, atairusha sehemu yake mbele ya nchi nzima. Akamwonya mtoto: jiandae, maana watu watakuja kwa mkupuo, na podikasti ndogo ikivamiwa hivyo huanguka. Kuna kijana wa kisiwa cha Skye ilimtokea, mtambo wake ukazima saa ileile watu walipokuwa wakimtafuta.

Basi nyumba yetu ikawa kama ya harusi. Mairead akahamishia vipindi vyote kwenye hifadhi kubwa zaidi. Akabadilisha picha ya mbele, akaandika maelezo upya. Halafu akaanza kusafisha sauti. Kila kikohozi akakitoa. Mbwa akibweka, anatoa. Tormod akawa haruhusiwi kufuma wakati wa kurekodi upya.

"Watu wanangoja kitambaa chao," Tormod akasema, "na ninyi mnanisimamisha kwa sababu ya kikohozi cha Peigi."

"Kikohozi changu ni cha zamani kuliko wewe," shangazi akamjibu. "Mairead, mwanangu, nikishakuwa maarufu nitahitaji meno mapya?"

"Bibi, hawakuoni. Wanakusikia tu."

"Meno yanasikika."

Tulicheka, Kenna. Ila moyo wangu haukutulia siku zile, nikausingizia moyo kuwa una woga wa kujivuna. Niliomba sana tusijivune. Sasa naona nililinda dirisha huku mlango ukiwa wazi.

Yule mama wa London alichagua kipindi mwenyewe. Alichagua kile cha shangazi kinachomhusu mgeni wa theluji. Hapa lazima nikueleze jambo ambalo sijawahi kukuandikia, wala hakuna mtu wa kijiji hiki aliyewahi kumwandikia mtu wa nje.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye baridi ile iliyofunga barabara, alikuja mwanamke kutoka Bara na begi moja, binti yake mdogo amelala begani. Mkono wake ulikuwa umevunjwa na kuunga vibaya. Aliyeuvunja ni mumewe, naye alimwahidi kwamba siku atakayompata ataimaliza kazi. Hatukumuuliza zaidi. Tormod alimpa ufunguo wa nyumba ya marehemu mjomba, watu wakaleta viazi na blanketi, na Jumapili iliyofuata akakaa benchi la nyuma kanisani kana kwamba alizaliwa hapo. Hadi leo akisikia gari asilolijua husimama wima jikoni, mkono umeshika meza. Vijana wa hapa wamejifunza kupiga honi wakimkaribia, ajue ni wa kwetu.

Shangazi alisimulia haya yote vizuri, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, bila jina la mtu. Mairead hakutosheka na hilo, akaenda kumuuliza mwenyewe tena kabla ya kutuma London. Alimkuta anakanda unga. Akasema, "Kama jina langu halimo, wacha wasikie. Wapo wengine wanaokimbia kama mimi. Wajue kuna mahali pa namna hii." Hakutaka kukisikiliza. Alisema aliyaishi mara moja, inatosha.

Jumamosi Mairead alipanga kila kitu kijiendeshe chenyewe, ili siku ya Bwana pasiwe na mkono wa kugusa mashine. Akaifunika kwa kitambaa, kama baba yake anavyotaka. Nami nilimenya viazi vya kesho yake, nikachemsha supu, nikapiga viatu rangi. Unavijua hivi, ulikulia humu.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani. Zaburi ilikuwa imeimbwa vizuri sana siku hiyo, mpaka nikasema moyoni kwamba labda ni baraka. Tuko mezani, mlango ukagongwa. Ni yule mgeni wa theluji, na binti yake nyuma, uso wa mtoto mweupe kama maziwa. Hakukaa.

"Doli, nisameheni kuja na mambo haya Jumapili," akaniambia. "Tumetajwa."

Mairead akainuka. "Hapana. Nimekisikiliza mara zisizohesabika. Jina halimo popote."

"Jina halimo, mpenzi. Namba imo."

Binti yake alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa rafiki wa shuleni anayekaa mjini, mtoto asiye na nia mbaya. Aliusoma: si ni ninyi hao wa namba kumi na saba, kijiji kizima kinawapenda hivyo?

Kenna, tulitazamana. Maana shangazi alisema kama sote tunavyosema: "Basi nikampelekea supu mama wa kumi na saba." Ni mara moja tu, katikati ya sentensi. Wewe mwenyewe unajua. Mimi tangu nizaliwe ni Doli wa kumi na tano, wewe ulikuwa Kenna wa kumi na tano mpaka ulipoolewa. Marehemu mjomba watu walimwita Kumi na Saba mbele ya uso wake, akaitika. Kwetu namba ya nyumba ni mtu, ni kama kusema yule mwenye mvi. Mairead alikuwa akitafuta majina, na masikio yake yakaipita ile namba kama yanavyopita pumzi. Alitoa mbwa, akatoa kikohozi, akaiacha anwani. Kati yetu sote ni yeye peke yake, aliyetoka Bara, ambaye kwake namba ya nyumba ni namba ya nyumba.

Shangazi Peigi aliweka kijiko chini. "Ni mdomo wangu," akasema, na hajala vizuri tangu hapo. Nimeandika huko juu kwamba anakula kunishinda. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, nimeandika kwa mazoea.

Mairead alimtazama baba yake. Unamjua Tormod. Mzee wa kanisa, mtu ambaye Jumapili hachoti hata maji ya ziada. Mashine iko pembeni imefunikwa. Yule mama akaanza kurudi nyuma aondoke, ili asituingize dhambini.

"Washa," Tormod akasema.

"Baba, leo—"

"Najua leo ni siku gani, sijaisahau. Washa hiyo mashine."

Akainuka, akafungua droo, akachukua bisibisi. Amevaa suti yake nyeusi ya ibada. Akatoka nayo mkononi, akapita katikati ya kijiji watu wakimwangalia madirishani, mpaka kwenye geti la kumi na saba, akafungua kile kibao cha namba, akakitia mfukoni. Akarudi, akakifungua na chetu. Hakuna aliyemuuliza. Jumatatu asubuhi nilipotoka, hapakuwa na namba kwenye geti hata moja, kuanzia kanisani mpaka pwani. Mleta barua alipita, akatikisa kichwa, akagawa barua kama kawaida. Anatujua.

Lakini ndiyo hivyo, dada. Mairead alikiondoa kipindi chetu saa ileile. Kile cha London hakuweza. Aliwaandikia, jibu likaja la mashine kwamba ofisi itafunguliwa Jumatatu. Jumatatu wakaomba radhi, wakaikata ile sentensi. Kufikia hapo walikwisha kusikia watu wengi kuliko wote waliowahi kuishi kisiwani hapa. Na podikasti haikuanguka hata kidogo, aliiandaa vizuri mno. Ilisimama imara ikampokea kila aliyekuja.

Watu waliandika maneno mazuri, mamia kwa mamia. Wanasema wamelia, wanamwombea. Mairead aliyasoma yote, na Jumanne akaniita. Kulikuwa na moja lisilo na jina la mwandishi. Limeandikwa hivi: Simulizi nzuri. Mlango bado ni wa kijani?

Mlango wake ni wa kijani. Shangazi hakutaja mlango. Mairead akasema picha za barabara yetu zipo kwenye ramani za simu, mtu yeyote anaweza kuuona akiwa popote. Tumeuacha hivyohivyo, maana rangi mbichi ingemjibu.

Tukawahamishia wote wawili hapa kwetu, kwenye chumba kile cha kurekodia, maana hakina dirisha. Polisi wa mjini tumewaarifu. Wamekuwa waungwana, wameandika yote, wamesema watapita. Barabara yetu ni ndefu na magari yao ni machache.

Jana mchana shangazi alikuwa getini na fimbo yake. Likaja gari la kijivu, polepole, kama mtu anayehesabu nyumba. Mwanaume akashusha kioo, mwenye adabu, amenyolewa vizuri. Akauliza kumi na saba ni ipi. Shangazi akajifanya hajui Kiingereza, akamjibu kwa Kigaeli, lugha yetu. Akamweleza habari za kondoo, za mvua, za jirani aliyefariki, mpaka shangazi akadhani amemchosha.

Yule mtu akatabasamu. "Lakini kwenye kipindi ulizungumza Kiingereza vizuri sana, bibi," akamwambia. "Sauti yako naifahamu."

Akashukuru, akafunga kioo, akaendelea kupanda barabara. Hakugeuza gari.

Huenda ni msikilizaji tu. Wamekuja wengine wiki hii, wanapiga picha kanisa, wanaomba chai. Mairead anajiambia hivyo, nami namwachia ajiambie. Ila mgeni wetu mwenyewe nilimweleza lile gari na jinsi mtu yule alivyozungumza. Alianza kukunja nguo za mtoto.

Kwa hiyo nimekutumia wewe, bila kukuomba ruhusa, kwa sababu kuomba kungepita kwenye simu. Hao walio karibu na jiko lako ndio wenyewe. Tormod anapakia vitambaa kwenye gari la mzigo sasa hivi, watalala chini ya vitambaa hivyo mpaka wafike melini. Hakuna mtu wa nje anayejua kwamba nina dada Unst, namshukuru Mungu kwamba Mairead hakuwahi kukurekodi.

Mtoto anapenda kuku, mwache akusaidie. Hali samaki wa moshi. Mama yake atataka kufanya kazi zote za nyumba, mzuie taratibu. Na gari likija kwenye kokoto zako, hata likiwa la Magnus, mwambie ni nani kabla halijasimama. Usisubiri aulize.

Jina lake sikuliandika. Atakutajia yeye akitaka, na akikutajia, mwite kwa jina hilo kila siku, Kenna. Sisi tulimwita namba kwa mapenzi, kama tunavyomwita mtu wa kwetu, na ndiyo iliyomleta mtu getini.

Msalimie Magnus, na mkwe wako Inga na wanawe. Shangazi Peigi anasema umsamehe kuhusu bata. Tormod amenipokonya taa, anatazama matairi. Mairead amezima kila kitu, banda liko kimya mpaka linatisha.

Ukimaliza kusoma, tia karatasi hizi kwenye moto wa jiko. Mungu atakayewavusha maji hayo yote awafunike chini ya paa lako, na afumbe macho ya anayewatafuta.

Wako akupendaye,
Doli, ambaye sasa hana namba