Mnong'ono Wangu Si Adabu

Jumamosi. Mvua ya Tukuyu haijakatika tangu alfajiri, nami nimejibanza kwenye intaneti kafe, nguo zinanuka ubichi. Nimechefukwa. Hapa angalau naandika, maana kuongea siwezi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa rovu shingoni, kabla ya Krismasi, nanong'ona tu. Nikinywa chai inanipalia. Watoto wananitazama midomo kidogo, kisha wanaendelea kusukumana.

Nilianzia kwa mwenye zahanati binafsi, hizi zilizojaa mjini tangu serikali iruhusu. Hata mdomo hakuniambia nifungue. Alisema ni mafua yameshuka kooni, akanidunga sindano siku saba mfululizo, sindano anazouza mwenyewe. Nami na usomi wangu wote nikamgeuzia kalio kila asubuhi. Najichukia kwa hilo.

Lakini kinyaa hasa kiko nyumbani, kijijini Masoko. Kwa desturi yetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Ukimwona njiani unapinda kwenye migomba, na sauti yako isimfikie. Miaka yote nililaumiwa kwa sauti yangu ya darasani. Ilipopotea, mama mkwe akafurahi.

"Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru. "Sasa umekuwa mkwe."

Ugonjwa wangu ukaitwa adabu.

Mume wangu naye akacheka, akasema nyumba imepoa. Miezi yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama naumwa.

Jana daktari bingwa wa koo alikuja hospitali kwa siku moja. Alipasha moto kioo kidogo chenye mpini, akanivuta ulimi kwa kitambaa, akakiingiza mpaka nyuma kabisa. Nilitapika mate matupu. Akaniambia niseme "iii". Kisha akanichorea kwenye karatasi nyuzi mbili za sauti: wa kulia unakuja katikati, wa kushoto umelala tu. Neva yake iliumia wakati wa upasuaji. Dakika mbili ndizo zilizohitajika kujua hayo.

Dawa yenyewe ni mazoezi. Nisukume ukuta kwa mikono miwili huku nikipaza "aaa" kwa nguvu zangu zote, asubuhi na jioni, ili uzi mzima ujizoeze kumfikia mwenzake aliyelala. Nikianza sasa sauti inaweza kurudi. Nikizidi kunong'ona, huenda nitabaki hivi.

Jioni niliwaeleza. Mama mkwe akashika kifua.

"Upige kelele uani, baba yako akusikie? Hapana, mwanangu. Utatuaibisha."

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Huyo ndiye aliyenitia kichefuchefu kuliko kile kioo.

 

Nimechoka kusifiwa kwa kuumwa. Kesho kukipambazuka nitausukuma ukuta wa jiko, ule unaotazamana na nyumba ya baba mkwe, na atanisikia.