Nilikuwa Bingwa wa Insha, Chuoni Naulizwa "Wahenga Gani?"

Shangazi Mshauri, shikamoo, naomba unisikilize kabla sijaharibu mambo, kwani mimi ni binti wa mwaka wa kwanza chuoni, na sekondari insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya shule nzima, hata mama yangu mdogo, fundi cherehani aliyenilea, hampimi mteja bila kumwambia kwamba nyumbani kwake kuna mwandishi, sasa mhadhiri wetu katupa kazi tueleze kwa nini maduka madogo hufungwa, nami nikaanza na jua kuchomoza, nikamwaga methali, nikamalizia kwa kuwatakia wafanyabiashara wote heri, kazi ikarudi na alama nne kati ya ishirini, nikamfuata ofisini.

"Umeandika kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame," akasema. "Nani kasema?"

"Wahenga."

"Wahenga gani, na ukurasa wa ngapi?" Akacheka, mimi machozi yakanilenga. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Sijawahi kuulizwa hivyo, nikachukua karatasi yangu nikatoka, ingawa najua kinyozi jirani yetu alifunga kwa sababu kituo cha basi kilihamishwa na watu hawapiti tena pale, ila hayo si ya kuandika chuoni, au siyo? Mwenzangu wa chumbani anasema kuna kaka wa mwaka wa tatu huwaandikia watu kazi zao, na Jumamosi mama mdogo anakuja, anataka nimsomee nilichoandika. Nifanyeje?

Bingwa Aliyeanguka

*

Bingwa, marahaba, na pole, ingawa hapo kwa wahenga nimecheka hadi nimemwaga chai.

Hujasahau kuandika. Shule ilitaka kujua kama lugha unaiweza, ukaonyesha. Chuo kinataka kujua unafikiri nini na umejuaje. Sasa wewe umempelekea mhadhiri methali lukuki, halafu kinyozi ukamficha! Huyo ndiye wa kuandika. Sentensi ya kwanza iseme duka hufa njia ya wateja ikihama. Jua liache lichomoze lenyewe. Mpigie kinyozi, waulize na wengine waliofunga, kisha ingia maktaba uone wataalamu wamesemaje, uwataje kwa majina. Wakikupinga, usiwakimbie, jibu hoja zao. Methali bakiza moja, kama ina kazi.

Huyo kaka wa mwaka wa tatu achana naye. Akikuandikia, alama zitakuwa zake na ujinga utabaki wako.

Jumamosi msomee mama yako mdogo kazi hiyohiyo, na ile nne umwonyeshe. Atanuna kidogo, kisha atataka chakula. Mtu aliyekulea hakukupendea insha.

Jumatatu kapige hodi kwa mhadhiri, umwombe uandike upya. Akikataa, iandike tu hata hivyo.