Shilingi Yenye Majina Mawili ya Mfalme

Wete, 1936

Dada yangu Mize huko Tanga,

Pemba nzima hakuna mwenye bahati kama mimi! Nimepata shilingi ambayo jina la mfalme limetokea mara mbili. Wakusanya sarafu huzinunua hizo kwa bei ya kichaa. Nauli yako ipo, umwache huyo mumeo na fimbo zake.

Yule sonara Haridas kaitazama kwa kioo, akacheka. "Bwana Duni, chapa ya kupigia sarafu ikichongwa mara mbili, herufi zote huinuka. Hizi za pili zimelala bapa. Mashine ilitikisika tu ilipoipiga; hii ni shilingi kama shilingi nyingine."

Mjinga yule! Mpiga bangili atajua nini habari za wafalme?

Dada, usifunge mizigo. Kabla ya kufunga barua nimeipapasa tena kwa kidole, na herufi za pili hazikuinuka hata kidogo. Haridas kasema kweli, mimi nimekudanganya. Shilingi yenyewe nimeivunja kununua stempu ya barua hii.

Nduguyo akupendaye,
Duni