Mchaichai Umeishinda Kuvu Sugu

Pune, India

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Goti lako linaendeleaje? Na mvua je, imeifikia chai yetu hapo Nyacheki? Mimi ni mzima. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha, ila tafadhali usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Baba, tumeshinda.

Nilikueleza kuhusu choa cha huku, ule ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu, kisichosikia dawa. Mgonjwa wetu mmoja, mshonaji aitwaye Meena, alikuwa amemeza vidonge na kupaka krimu hadi akachoka. Mabaka yalimjaa shingoni na mikononi. Wakwe zake wakamkataza kupika, akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba.

Nilipendekeza tujaribu katika maabara yetu mafuta ya mchaichai, yale yanayotolewa kwa mvuke. Jaribio la kwanza likaharibika, la pili pia. Kuvu ilistawi kama nyasi. Profesa wangu akanishauri nitafute kazi nyingine. Nilijifungia chooni nikalia. Baadaye nikagundua kwamba mafuta yalikuwa yakigeuka mvuke na kupotelea hewani kabla ya kufanya kazi. Nikaviziba barabara visahani tunamooteshea kuvu, nikaanza upya. Nilipovifungua, kuvu haikuwa imeota hata kidogo. Profesa alivitazama, akavuta kiti.

"Rudia mbele yangu," akasema.

Nikarudia. Ikawa vilevile.

Kibali cha kuyajaribu kwa watu kilipopatikana, madaktari walichanganya mafuta hayo kidogo kwenye krimu, na wagonjwa waliokubali wakapaka huku wakimeza vidonge vyao. Sitakudanganya, wengine hawajapona. Lakini Meena amepona. Tulipima magamba ya ngozi yake, hatukuona kuvu yoyote. Alikuja maabara akiwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, akanishika mikono.

"Jana mama mkwe aliniomba nipike," akaniambia.

Nikamuuliza kama alikubali. Akasema alipika, kisha akaketi katikati yao, akala.

Mwambie Mama asianze kuwapaka majirani mchaichai wake. Mafuta hayo yakiwa makali huunguza ngozi. Aliye na choa aende hospitali.

Nisalimie kaka Mogaka, yule mwalimu wetu wa shule ya Sironga, na shangazi Kerubo anayeniombea kila Sabato. Mwambie maombi yake yamefika.

Wiki ijayo nitasimama mbele ya madaktari wengi kueleza kazi hii. Nitaanza kwa kutaja jina langu lote, na lako likiwemo.

Ni mimi binti yako,
Moraa