Ruhusa ya Kumlilia Khisa

Njoro
Tarehe 3 Machi, 1957

Kwa Hezekiah wangu,

Pokea salamu za mke anayetabasamu peke yake hata anapopuliza moto wenye moshi. Kifua chako kimepona? Unavaa ile sweta? Mimi ni mzima, na mama yako ni mzima, ila goti linamsumbua baridi ikishuka kutoka milima ya Mau.

Mpenzi, tangu harusi mpaka leo, nikiandika maneno haya mawili, mume wangu, mkono unataka kucheza. Nimeshona mapazia ya maua mekundu. Mama ameyatazama, akasema, "Mapazia ya nini na nje kuna ngano tu? Ngano itakuchungulia?" Nimemwambia ni ya siku utakayorudi likizo. Akacheka mpaka akajishika goti.

Jirani yetu Milcah amekuwa dada yangu hapa laini, kwenye nyumba hizi za wafanyakazi wa shamba. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kuchota maji yasiyo na tope, na kuniambia ni wazee gani wakipita nijifiche, kwa sababu ni baba wakwe zangu wote. Unamjua mume wake, Khisa, yule aliyempiga nyapara kwa jembe wakigombana, nyapara akafa. Rufaa yake dhidi ya kunyongwa imekataliwa. Yuko katika jela hiyo yako. Milcah anasema, wewe ni dresa wa hospitali ya huko, lazima unamwona. Mwambie mtoto alizaliwa salama, ni msichana, na masikio ni yake Khisa, hakuna wa kubisha.

Hujaniambia kazi yako huko ni ipi hasa. Nataka kujua kila kitu, hata rangi ya sahani unayolia chakula.

Mkeo akupendaye kupita kiasi,
Nanyama

*

Nairobi
Tarehe 15 Machi, 1957

Mke wangu Nanyama,

Barua yako imenipata nikiwa mzima, na imenifanya mzima zaidi. Kifua kimepona. Sahani ni ya bati, haina rangi.

Nimemwona Khisa. Nilimpelekea dawa ya jino. Nilipomwambia habari ya masikio alicheka kwa sauti mpaka askari akaja kuuliza kuna nini. Anasema mtoto aitwe jina la mama yake yeye Khisa.

Kazi yangu ni kutoa dawa na kufunga vidonda. Hayo mengine hayafai kuandikwa. Msalimu mama. Mapazia usiyatoe.

Mumeo,
Hezekiah

*

Njoro
Tarehe 8 Aprili, 1957

Hezekiah mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo mzito, nikitumaini wewe unalala na unakula. Sisi tuko salama, lakini laini yote imenyamaza.

Karatasi ya serikali ilikuja. Khisa amenyongwa na kuzikwa hukohuko jela. Milcah alifungua mdomo alie, na Mzee Nabwera, baba yake mdogo Khisa, akasimama mlangoni akamkataza. Alisema, "Aliyekufa kwa kamba haliliwi. Ukimlilia unaita kamba nyingine katika ukoo." Kwa hiyo hakuna moto uani, hakuna aliyenyolewa, wanawake hawaingii nyumbani kwake. Wanamhesabu pamoja na wale wanaojitundika wenyewe kwenye miti. Hata jina la Khisa limekatazwa, na mtoto hatapewa lile jina alilolichagua.

Milcah hana chozi, mume wangu. Anakaa, anamnyonyesha mtoto, anatazama ukuta. Jana aliniambia, "Nanyama, koo limejaa." Basi.

Mimi nina furaha nyingi mpaka naona haya kupita mbele ya mlango wake. Ndiyo sababu nakuomba. Mama alimbembeleza Mzee Nabwera, naye akasema jambo moja: kinachokatazwa ni kifo cha pumzi kuzibwa na kamba. Mtu akianguka kutoka juu ya paa na kuvunjika shingo, huyo analiliwa kama wengine. Muulize daktari wako. Mtu akinyongwa na serikali, ni nini hasa kinachomuua? Niandikie kweli tupu, hata kama ni mbaya.

Mkeo,
Nanyama

*

Njoro
Tarehe 29 Aprili, 1957

Hezekiah,

U mzima? Kila gari la posta likija nasimama dukani mpaka barua ziishe. Kama nimekuudhi kwa kuuliza, nikemee, lakini kwa maandishi, ili niwe na kitu cha mkono wako cha kushika. Milcah amekonda. Maziwa yanapungua.

Mkeo yuleyule,
Nanyama

*

Nairobi
Tarehe 6 Mei, 1957

Mke wangu mpendwa,

Nisamehe kimya. Niko mzima wa mwili. Hukuniudhi. Niliandika, nikachana, nikaandika tena.

Sina haja ya kumuuliza daktari. Nilikuwepo. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyokuficha. Asubuhi za namna hiyo daktari huja, na mimi humfuata nikiwa na mkoba wake.

Wasomee wazee haya. Mtu hupimwa uzito mapema, ili wajue aanguke umbali gani. Sakafu ikifunguka, anaanguka, na kamba inapokaza ghafla, fundo lililo chini ya taya hurusha kichwa nyuma. Mfupa wa pili wa shingo huvunjika. Ndani ya mifupa ya shingo hupita uzi mnene wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, nao hukatika papo hapo. Baada ya hapo hapumui, na hakuna maumivu yanayoweza kumfikia. Aliyezibwa pumzi hujulikana kwa kumtazama: uso umevimba na kuwa wa zambarau, ndani ya kope kuna vidoa vya damu kama vya kuchomwa sindano. Khisa nilimwosha mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala, na macho meupe. Daktari aliigusa shingo, akaandika kwamba imevunjika.

Sitaki kuficha hili pia. Moyo hauambiwi mapema. Huendelea kupiga peke yake, kwanza mbio, kisha polepole, pengine robo saa. Miguu inaweza kutikisika. Daktari husikiliza kifuani na mimi hushika mkono mpaka mapigo yaishe.

Jioni iliyotangulia Khisa aliniuliza, "Ni wewe utakayenishika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Afadhali. Afadhali mtu wa laini yetu."

Sasa unajua mikono yangu inashika nini. Ukiogopa, sitakulaumu.

Mumeo,
Hezekiah

*

Njoro
Tarehe 14 Mei, 1957

Hezekiah wangu, wangu kabisa,

Nakusalimu mara nyingi kuliko wino ulioko posta. Umekula leo? Kula kwanza, ndipo usome.

Wazee walikusanyika kwa mama Jumapili baada ya kanisa. Mimi, mkwe wao, nilisimama nyuma ya mlango nikasoma kwa sauti bila kuonekana. Kwenye shingo waliguna kwa kukubali. Nilipofika kwenye moyo, Mzee Nabwera akaruka. "Ahaa. Robo saa moyo unapiga, naye yuko kwenye kamba. Basi kamba ndiyo iliyommaliza." Wengine wakaanza kuinua fimbo zao waondoke. Nilijua jibu, mpenzi, lakini sauti ya mkwe haijibu wazee.

Mama akasema kutoka jikoni, "Nabwera, kuku wa Krismasi ulimkata kichwa wewe?"

"Mimi."

"Akafanya nini?"

"Akakimbia mpaka kwenye kuni."

"Kwa hiyo alikufa kwa kugonga kuni?"

Mama akaendelea, "Mimi mnaniambia mwanamke hali kuku, na sijaonja. Mnakula nyinyi. Lakini mkichinja, miguu mnanipa mimi niishike, na nimeishika mingi. Mwili unaruka, mwenyewe hayupo. Mwanangu amewaandikia hilohilo kwa Kiswahili cha hospitali."

Mzee mmoja alianza kucheka, akakohoa kuficha. Mzee Nabwera akasema, taratibu kabisa, "Shingo imevunjika. Ameanguka." Akatoka, akauwasha moto uani mwa Milcah kwa mkono wake.

Wanawake waliingia wote. Milcah alikaa tu mwanzoni, kana kwamba amesahau inavyofanywa. Kisha mama akamwita mtoto kwa lile jina, na Milcah akalia. Hezekiah, sijasikia sauti kama ile, na sikutaka iishe.

Kuhusu mikono yako: niliisoma ile barua nikaona mume niliyeolewa naye ni mwema kuliko yule niliyemwota. Ilete nyumbani. Nitaiosha mimi, nitaikausha, nitalala juu yake.

Milcah ana swali moja tu. Anauliza kama mkono wa Khisa ulikuwa na joto.

Mkeo,
Nanyama

*

Nairobi
Tarehe 20 Mei, 1957

Mke wangu,

Nimekula. Nimeomba nirudishwe wodi za kawaida, na likizo nimepewa.

Mwambie Milcah ulikuwa na joto. Mapigo yalipokwisha daktari alitoka, mimi nikabaki nimeushika, na nilipouachia ulikuwa na joto bado.

Mumeo,
Hezekiah